Merida ana upinde, ila nguvu zake ziko ulimini

KATIKA semina ya wanafunzi wangu wa uzamili majuma mawili yaliyopita, mwanafunzi mmoja aliwasilisha pendekezo la utafiti kuhusu taswira ya mwanamke katika filamu za katuni zinazotazamwa na familia nzima. Hoja yake aliijenga juu ya Mulan, filamu ya kampuni ya Disney iliyotoka mwaka wa 1998. Alisema Mulan ni mhusika wa kike mwenye nguvu kwa kuwa anavaa mavazi ya kiume, anashika upanga, anaenda vitani badala ya babake mkongwe na kulifukia jeshi la adui chini ya theluji. Sote tulikubali. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuandika “hoja nzuri” pambizoni.

Ndipo binti mmoja aliyeketi karibu na mlango, ambaye muhula mzima sikuwa nimemsikia akichangia, akauliza: “Prof, samahani. Mulan tumemwona akipigana. Lakini tumemsikia akisema?”

Kha! Swali hilo lilinikosesha usingizi. Nimefundisha fasihi kwa zaidi ya miaka 30, na kila nilipowataka wanafunzi waeleze uwezo wa mhusika wa kike, nimekuwa nikitoa alama kwa sifa zile zile: jasiri, mwenye bidii, mwenye msimamo. Sikuwahi kuwauliza ni nani anayesema, anasema kiasi gani na nani anamsikiliza. Ilhali mimi ni mtu wa lugha!

Haya basi, tuanze na takwimu. Mwaka wa 2016 wanaisimu wawili wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walitoa matokeo ya utafiti wao kuhusu mazungumzo katika filamu za Disney zinazosimulia habari za mabinti wa kifalme. Walihesabu maneno. Katika Mulan, wahusika wa kiume wanasema asilimia 77 ya maneno yote. Katika The Little Mermaid (1989) ni asilimia 68, na katika Aladdin (1992) ni asilimia 90. Hata Frozen (2013), ambayo mashujaa wake ni dada wawili, imewapa wanaume asilimia 59.

Yamkini msomaji atadhani kwamba hayo ni masalio ya zamani yanayopungua kadiri miaka inavyosonga. La hasha. Snow White ya mwaka wa 1937 iligawa maneno karibu nusu kwa nusu. Katika Sleeping Beauty ya 1959, wanawake wanasema asilimia 71, wengi wao wakiwa akina mama wazee wenye uchawi mwema. Yaani filamu inayosifika kwa binti aliyelala ina sauti nyingi za kike kuliko filamu ya binti aliye vitani!

Imekuwaje? Jibu limo katika wahusika wasaidizi. Watunzi humweka msichana mmoja shupavu katikati, kisha wakamzungushia rafiki mchekeshaji, mshauri, askari, mfanyabiashara na mnyama anayezungumza, na karibu wote hao huwa wa kiume. Ariel amezungukwa na kaa, samaki na ndege wa kiume. Mulan ana joka dogo liitwalo Mushu, na wachambuzi wengine waliohesabu maneno ya filamu hiyo walikuta kwamba Mushu anasema maneno mengi kuliko Mulan mwenyewe, tena kwa nusu zaidi. Shujaa ni mmoja, wasemaji ni wengine.

Kwa Ariel mambo ni wazi zaidi. Ni msichana mkaidi, mdadisi, asiyetishwa na amri za babake. Lakini ili apate miguu ya kumfuata mwanamume aliyempenda, analipa kwa sauti yake. Sehemu kubwa ya filamu yuko kimya, anatabasamu na kukonyeza, na mwana wa mfalme anavutiwa naye hivyo hivyo. Ni kweli kwamba kisa hicho kimetokana na hadithi ya Hans Christian Andersen ya mwaka wa 1837. Hata hivyo, mtoto wa miaka sita hamjui Andersen. Anachokiona ni kwamba msichana asiyesema anapendeka.

Mulan nayo haifai kupuuzwa. Ina onyesho moja linaloonyesha kwamba watunzi wake walilielewa tatizo hili. Baada ya kugunduliwa kuwa ni mwanamke na kufukuzwa jeshini, Mulan anakimbilia mji mkuu kuonya kwamba adui bado wako hai. Hakuna anayemsikiliza, wala kamanda wake Shang, wala watu walio barabarani. Maneno ambayo yangeaminiwa yakitoka kinywani mwa Ping, yule askari wa kiume aliyejifanya kuwa, hayana thamani yakitoka kwa Mulan. Naona onyesho hilo lina ukweli mwingi kuliko vita vyote vya filamu hiyo.

Mwenzangu mmoja idarani alinipinga tulipokuwa tukinywa chai. Aliniambia, “Debe tupu haliachi kuvika. Tangu lini wingi wa maneno ukawa nguvu?” Ana haki. Kuhesabu maneno peke yake hakutoshi, kwani mhusika anaweza kubwabwaja kutwa asibadilishe lolote. Kwa hivyo hoja yangu si kwamba wasichana wa katuni wapayuke. Tunapaswa kuuliza maneno yao yanatenda nini: je, yanaamuru, yanakataa, yanasuluhisha, yanabadilisha uamuzi wa wengine?

Kwa kigezo hicho, filamu ninayoipa nafasi ya kwanza ni Brave (2012), iliyobuniwa na Brenda Chapman, mwanamke wa kwanza kukabidhiwa kuongoza filamu ndefu katika studio ya Pixar, ingawa kazi ilikamilishwa na Mark Andrews. Hapa wanawake wanasema asilimia 74 ya maneno. Merida, binti mfalme wa Uskoti ya kale, anakataa kuozwa. Watu wengi humkumbuka kwa upinde wake na ule mshale anaoupasua mwingine katikati. Lakini hebu tutazame tena. Mshale huo unatatua nini? Hautatui kitu. Unamgombanisha na mamake na kuzikaribisha koo vitani.

Kinachozuia vita ni hotuba. Mamake, Malkia Elinor, amegeuzwa dubu na amepoteza usemi. Mabwana wanapigana ukumbini. Merida anaingia, anasimama mbele yao na kuwakumbusha jinsi koo zao, zilizokuwa na uhasama, zilivyopata kuwa na urafiki. Kule nyuma dubu anamwashiria kwa mikono, naye anazifasiri ishara hizo kwa maneno, hadi wote wanakubali kwamba vijana wajichagulie wenza. Na ustadi huo aliupata wapi? Mwanzoni mwa filamu tunamwona Elinor akimfunza kutamka maneno barabara ili asikike kila pembe ya ukumbi, naye Merida akinung’unika. Nguvu aliyoidharau, ile ya mamake, ndiyo iliyomwokoa. Upinde alipewa na babake.

Linganisha na The Lion King (1994), filamu ambayo majina yake mengi yametoka kwetu. Neno simba katika Kiswahili halibagui jinsia; tunalazimika kuongeza jike au dume. Porini, simba jike ndio wawindaji wakuu na aghalabu hubaki katika kundi walimozaliwa, huku madume wakija na kuondoka. Katika filamu, majike wanamwinda mnyama ili Scar ale, na wanamsubiri dume arudi kuwakomboa. Sarabi, mamake Simba, anapomwambia Scar ukweli kwamba chakula kimekwisha, anapigwa. Fungueni kamusi mtazame maana ya sarabi: ni mazigazi, yale maji yanayoonekana kwa mbali jangwani na ambayo hayapo. Sidhani kama watunzi walikusudia hivyo, lakini ni jina linalomfaa malkia ambaye maneno yake hayana uzito.

Nawasihi wazazi na walimu wasiwakataze watoto filamu hizi. Mimi huzitazama na wajukuu na hucheka kuliko wao. Ila baada ya kutazama, tusiishie kuuliza nani alishinda. Tuulize pia nani alisema, na nani alisikilizwa.

Nami nimeanza kwangu. Juma lililopita nilikaa katika semina ile ile na karatasi pembeni, nikitia alama kila mtu alipozungumza. Wanafunzi wangu ni tisa, sita kati yao wasichana. Mwisho wa saa mbili nilijumlisha. Wavulana watatu na mimi tulikuwa tumezungumza karibu muda wote. Yule binti wa karibu na mlango, ambaye swali lake limezaa makala haya, hakuwa na alama hata moja. Kikao kijacho, yeye ndiye atakayekifungua, na mimi nitakaa karibu na mlango.