Sekunde Moja Kwenye Majabali ya Watamu

Picha nyingi za bahari zinazopigwa kwa kuacha shata wazi kwa muda mrefu hufanana. Dakika nne zikipita, kila wimbi limefutika, maji yamekuwa ukungu, na hujui tena kama uko Watamu au Uskoti. Mwingereza Michael Kenna, aliyezaliwa mwaka 1953, amejenga kazi adhimu juu ya utulivu huo, na kuna filamu alizoziacha zikipokea mwanga kwa saa nyingi. Namheshimu sana. Lakini ufundi unaonivutia zaidi ni wa muda mfupi, kati ya nusu sekunde na sekunde mbili, kwa sababu hapo bahari bado ina tabia yake na mpiga picha hana budi kuijua.

Chukua visiwa vidogo vya ghuba ya Watamu. Ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jabali, na chini yameliwa na mawimbi pamoja na viumbe watoboao mwamba, hata yakasimama kama uyoga. Anayetaka kuyapiga alfajiri huanza na mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri, kwa hiyo jua linapochomoza yameshaanza kupwa. Huo ndio wakati mzuri. Jabali linaachwa likiwa limelowa, jeusi, na maji yanatafuta njia ya kurudi baharini kupitia kila ufa. Tena ni salama zaidi, maana bahari inakwenda zake. Siku za maji mafu mambo hugeuka: alfajiri maji yamepwa kidogo tu na yanaanza kurudi, na aliyezama katika kamera yake anaweza kukatiwa njia.

Halafu mwanga. Karibu na Ikweta jua hupanda karibu wima, na mapambazuko hayakai. Tangu jua likiwa nyuzi 6 chini ya upeo wa macho hadi lichomoze ni dakika 21 hivi, na katika muda huo mwanga huongezeka maradufu takriban kila dakika tatu. Kipimo cha sasa hivi hakifai kwa picha ijayo. Mwanzoni giza lenyewe linatoa sekunde mbili au nne bila filta yoyote. Jua likikaribia, kamera itataka thumuni ya sekunde. Filta inayopunguza mwanga mara 8 huirudisha kuwa sekunde nzima. Ile nyeusi kabisa, ya mara 1,000 hivi, ingeifanya zaidi ya dakika mbili, na mawimbi yote yangepotea. Wengi huikimbilia hiyo mapema mno.

Kuna pia miguu ya kamera. Ikisimama mchangani, kila wimbi linaporudi huchota mchanga chini yake na picha nzima inateleza. Afadhali mwamba, ingawa matumbawe hayo hukata hata soli ya kiatu. Kitambaa kikavu kikae mfukoni. Msimu wa kusi, chumvi hufika kwenye lenzi kabla ya jua kufika kwenye jabali.

Yote hayo ni maandalizi ya kubonyeza mara moja. Mgeni hubonyeza wimbi linapopasuka, maana hapo ndipo kishindo kilipo, na hupata doa jeupe lisilo na umbo. Fundi hungoja. Analiacha lipasuke, lipande, lisite juu ya jabali, kisha anabonyeza linapoanza kushuka. Povu likirudi huvutika kuwa nyuzi, na kila uzi hufuata ufa wake. Nusu sekunde, nyuzi ni nene na zina vipovu. Sekunde mbili, zimelainika. Zikizidi tano, zinaanza kuyeyuka. Wimbi linalofuata litashuka kwa njia nyingine.

Mvuvi wa Watamu akioneshwa picha ya namna hiyo anaweza kuisoma: hili ni wimbi moja, limepita hapa, na ule ukanda mweusi uliolowa juu ya maji unamwambia kwamba yalikuwa yakipwa.