Vyungu vya Odundo: Mababu wa Nani?

Mtu akiposti picha ya chungu cha Magdalene Odundo, chini yake utasoma maneno yaleyale: Mama Afrika, roho ya mababu. Sawa, lakini mababu gani?

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950, akaenda Uingereza 1971, na huko ndiko alikoanza kushika udongo. Baadaye akafika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, alikokuwa Ladi Kwali, akajifunza kujenga chungu kwa mkono bila gurudumu. Kisha akaenda San Ildefonso, kijiji cha Wapueblo, wenyeji asilia wa New Mexico, Marekani.

Huko ndiko kwenye stori. Karibu mwaka wa 1908, wachimbaji wa mambo ya kale walikuwa wakifukua magofu ya mababu wa Wapueblo kwenye nyanda za Pajarito, zilizokatwakatwa na makorongo. Mfinyanzi wa kijiji, Maria Martinez, akaombwa atengeneze vyungu mfano wa vile vya kale. Yeye na mumewe Julian wakajaribu, wakajaribu tena, hadi wakapata mtindo wao wa mchoro mweusi juu ya weusi. Siri ni kuufunika moto kwa samadi: hewa inakatika, moshi unaingia kwenye udongo. Vigae vya kale vikazaa kazi mpya, na kijiji kikapata riziki.

Odundo anatumia kanuni iyo hiyo. Chungu chake kikichomwa penye hewa kinatoka chekundu. Kikirudishwa motoni na kunyimwa oksijeni, kinakuwa cheusi. Ila hakuiga. Chungu cha Martinez kimetulia chini, na mchoro wa Julian unakizunguka. Odundo ameondoa michoro yote, akabakisha mwili: tumbo kubwa juu ya kitako kidogo, shingo iliyoinama kama mtu aliyeitwa akageuka nusu. Unahofia kitaanguka. Hofu hiyo ndiyo utamu wake.

Mtu wa Makadara atauliza: kinapika? Hapana, na swali ni la haki. Kuna usafi hapa unaokaribia kuwa baridi; masizi ya jikoni hayapo. Kinachonikera zaidi ni kwamba vyungu vingi viko mbali, kama kule British Museum, na sisi wa Eastlands tunaviona kwa simu, upande mmoja tu. Kitu kilichojengwa ukizunguke kimegeuzwa picha bapa.

Hata hivyo, kijana anayechora Kayole, anayeambiwa kila siku afanye kazi ya "Kiafrika" ndiyo wageni wanunue, ana kitu cha kuokota hapa. Odundo hakungoja urithi umfikie kwa damu. Aliufuata, akakaa kwa waliouhifadhi, akajifunza kwa mikono. Deni lililobaki ni letu tunaoposti: tukiandika jina la Odundo, tuandike pia Ladi Kwali, Maria Martinez na San Ildefonso. Hao ndio mababu wa hicho chungu, na wana majina.