Hesabu ya chai haiishii mezani

Muulize mama yeyote wa Dar es Salaam chai ya asubuhi inamgharimu kiasi gani, atakutajia maandazi. Akitulia kidogo ataongeza sukari. Mkaa hautaji, kwa kuwa aliununua jana jioni na kichwani mwake umeshahesabiwa kwenye ugali. Na zile mia tano anazowashikisha watoto wakitoka mlangoni na mabegi, hizo anaziita hela ya shule. Hesabu ikikaa hivyo, utabana matumizi mpaka uchoke, nawe unabana pasipovuja.

Wifi yangu wa Mbagala alianza kwa kuipanga upya hesabu yenyewe, ndiyo maana naichambua hapa. Nyumbani kwake wako sita: mume ni fundi wa kupaua, watoto watatu wako shule ya msingi, na kitinda mimba ndiyo kwanza ametimiza mwaka. Alichukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, akawa anaandika kila shilingi iliyotoka kati ya alfajiri na saa saba mchana, iwe ya jikoni au ya mfukoni. Bei nitakazotaja ni za duka la mtaani, nimezizungusha ili hesabu ifuatike. Kwako huenda zikapanda au kushuka.

Siku ya shule ilisomeka hivi: maandazi 12 ya shilingi 200, jumla 2,400; sukari kama 580; majani ya chai 100; mkaa 500. Halafu mia tano tatu za saa nne, 1,500. Jumla kuu 5,080. Yaani karibu theluthi ya fedha yote ilikuwa inakwenda kuziba pengo lililoachwa na chai ya saa kumi na mbili.

“Wifi, kumbe nilikuwa nawalisha mara mbili na bado wanarudi wanalia njaa,” aliniambia.

Kuanzia hapo swali likabadilika. Akaacha kuuliza kitafunwa kipi ni cha bei ndogo, akawa anauliza kipi kinamfikisha mtoto mchana. Jibu la kwanza alilolifikiria ni lile ambalo wengi wangelifikiria: apike maandazi mwenyewe. Tulikaa tukalipigia hesabu. Kilo ya unga wa ngano, 2,000. Sukari gramu 150, 450. Hamira na iliki, 200. Mafuta yanayonywewa na unga wakati wa kukaanga, ukiondoa yanayorudi kwenye chupa, tuseme mililita 150, ambayo ni 750 ukinunua kwa lita. Moto, 400. Jumla 3,800, na kilo moja inatoa maandazi kama 28. Kila moja limesimama kwenye shilingi 136. Akinunua mafuta ya kupima na unga nusu nusu, linapanda hadi 160 hivi. Anaokoa shilingi 40 kwa andazi, mia tano kasoro kwa siku, kwa malipo ya kuamka saa tisa usiku na kusimama mbele ya karai. Muuza maandazi wa mtaani hamlangui mtu. Faida yake ni nyembamba mno, na anaipata kwa sababu karai lake moja linalisha kaya ishirini.

Chapati ni habari nyingine. Kilo ileile ya unga hutoa 12 za kushiba. Unga 2,000, mafuta mililita 200 kwa 1,000, moto 500: chapati moja inasimama chini ya 300, na mtaani inauzwa 500. Tofauti ni zaidi ya shilingi 200 kwa kila moja. Chapati moja ya gramu 80 za unga ina zaidi ya kalori 400, andazi lina kama 200. Kwa hiyo nyumbani kwa wifi andazi likabaki la kununua, na siku moja moja tu, huku chapati ikapikwa ndani, Jumamosi, palipo na mikono ya kusukuma. Nakiri uamuzi huo ulinishangaza. Nilizoea kuamini kwamba cha kupika mwenyewe siku zote ni nafuu.

Sukari ndiyo iliyomtoa jasho. Wanywaji watano, vikombe viwili kila mmoja, vijiko vitatu kwa kikombe: vijiko 30. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4, lakini nani anasawazisha? Cha kwao kilikuwa na mlima, gramu 6. Hizo ni gramu 180 kila asubuhi, kilo 5 na ushei kwa mwezi, na zilikuwa zinanunuliwa robo robo, njia iliyo ghali kuliko zote. Wanaokumbuka mwanzo wa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika na serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi, wanajua kitu hiki kinaweza kupanda bei ukiwa umelala. Wifi hakuhubiri habari za kisukari. Aliondoa sukari mezani, akawa anaitia ndani ya birika mwenyewe, kijiko kimoja na nusu kwa kikombe, akaongeza tangawizi na mchaichai. Mume alilalamika wiki ya kwanza, sasa analalamika akipewa chai ya mtu mwingine.

Lakini kupunguza sukari ni kupunguza nguvu pia. Gramu 180 za sukari ni kalori 720, na si kalori ghali. Ukiziondoa bila kuweka kitu, umewanyima watu chakula ukajisifu umebana matumizi. Cha kuweka kilikuwa uji.

Uji una sifa nzuri kuliko unavyostahili, angalau unavyopikwa kwenye nyumba nyingi. Uji mwepesi wa kunywa una gramu 100 za unga kwa lita moja ya maji. Kikombe cha mililita 300 kinakupa kalori 110 hivi, pungufu ya andazi moja. Tumbo linajaa maji, linadanganyika kwa saa moja na nusu, kisha linadai. Ukiongeza unga, uji unakuwa mzito, mtoto anautema. Hapo ndipo zinapoingia karanga. Gramu 100 za karanga zilizosagwa, za shilingi 400, zikikorogwa kwenye lita mbili za uji zinaongeza kalori 567 na gramu 25 za protini, na uji hauongezeki uzito wa kusumbua. Kwa shilingi 1,000 ya karanga unapata protini zaidi ya gramu 60. Shilingi hizohizo kwenye mayai ya mia nne nne zinakupa gramu 15, kwenye maziwa ya 2,000 kwa lita, 16. Maharage yanazishinda karanga kidogo, ila nani atakunywa uji wa maharage?

Kwa kitinda mimba karanga peke yake hazikutosha. Mtoto wa kilo tisa au kumi tumbo lake linapokea robo lita na kidogo juu yake, basi. Robo lita ya uji mwepesi ni kalori 90. Hata ukimlisha mara nne kwa siku, bado umemnywesha maji zaidi ya chakula. Dawa yake ni ya zamani, na wapika pombe wa kienyeji wanaifahamu kuliko sisi: kimea. Miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walikifanyia kazi kwa ajili ya watoto wanaoanzishwa chakula, na namna ya kukitengeneza haina siri. Ulezi unalowekwa usiku kucha, unachujwa, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue, unaanikwa ukauke kabisa, unasagwa.

Nilimwona wifi akikitumia kimea hicho. Alipika uji mzito, gramu 200 za unga kwa lita, mwiko ukawa unasimama wenyewe katikati ya sufuria. Akaepua, akasubiri mpaka ukawa wa kuonjeka bila kuunguza ulimi, akatia kijiko kimoja cha unga wa kimea na kuanza kukoroga. Hazikupita dakika tatu uji ukalegea, ukawa unatiririka toka kwenye upawa kama mtindi. Haukuongezwa hata tone la maji. Kinachotokea ni kwamba wanga ukichemka hunywa maji na kuvimba, ndiyo maana uji unaganda. Mbegu inayochipua huwa na vimeng'enya vinavyoukatakata wanga huo vipande vifupi, na maji yaliyokuwa yameshikwa yanaachiwa. Vipande vingine ni sukari, kwa hiyo uji unapata utamu wake. Ukitia kimea kwenye uji unaotokota, vimeng'enya vinakufa kabla ya kufanya kazi. Na ukishalegea, urudishe jikoni uchemke tena, kwa kuwa nafaka iliyolala kwenye unyevu siku mbili hukusanya vijidudu. Tumia ulezi. Mtama ukichipua, miche yake huwa na sumu inayotakiwa kuondolewa kwa uangalifu, na sioni sababu ya mtu kujitafutia kazi hiyo.

Sasa moto. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka joto la kawaida la Dar kunahitaji kama kilojuli 314, uwe unatumia nini. Jiko la mkaa la kawaida linafikisha kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto lake. Tukisema asilimia 15, lita hiyo inakula gramu 70 za mkaa. Jiko la gesi likifikisha nusu, inakula gramu 14 za gesi. Mkaa ukiwa 1,000 kwa kilo na mtungi wa kilo 6 ukijazwa kwa 24,000, ni shilingi 70 kwa 56. Tofauti ndogo kuliko wanavyodai wauza mitungi. Hasara halisi ya mkaa asubuhi iko kwingine: huwezi kuwasha gramu 70. Unawasha jiko zima, chai inachemka, watu wanaondoka, na makaa yanabaki yanapasha joto ukuta.

Kwa hiyo wifi amegawa kazi. Asubuhi ni gesi, vitu vya haraka. Mkaa unawashwa jioni tu, na ugali ukiepuliwa, mbaazi zilizolowekwa tangu asubuhi zinapanda kwenye makaa hayohayo mpaka yakaribie kuisha. Zinaepuliwa zikiwa zinatokota, sufuria haifunuliwi mpaka alfajiri, na zinachemshwa upya. Tui la nazi linatiwa asubuhi, kamwe si usiku, maana nazi inachacha haraka. Kwa sababu kama hiyo wali wa kiporo aliufuta kwenye ratiba, hana friji. Wali uliokaa usiku kucha kwenye joto unaweza kutengeneza sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki.

Mbaazi kwa chapati ni za Jumamosi na Jumapili, na zinasogeza chakula cha mchana hadi saa tisa. Hapa tunafaidi kitu ambacho bei yake inaamuliwa mbali: Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazoagiza, wakulima wa Lindi na Mtwara walibaki na magunia yasiyo na mnunuzi. India ilipofungua tena mlango, bei zikapanda hata kwenye mizani ya Mbagala.

Siku ya shule sasa inasomeka hivi. Unga wa mahindi na ulezi gramu 250, 450. Karanga 400. Sukari 180. Kilo ya muhogo wa kuchemsha, 1,000. Gesi 340. Jumla 2,370, na kalori ni kama 2,900, zimepungua kidogo tu kutoka 3,100 za maandazi na sukari. Muhogo wa moto unafungwa kwenye kikopo na kwenda shuleni. Hela ya saa nne haikufutika, ila imeshuka hadi mia mbili, kwa kuwa mtoto asiye na kitu mfukoni anachekwa na wenzake, na hilo nalo ni gharama. Pamoja nayo ni 2,970.

Mtungi wa gesi na debe la mahindi vilitokana na mchezo wa kuchangishana fedha. Zamu yake ilipofika na kijumbe akamletea fungu lake, hakununua kitenge. Ila kununua kwa wingi kuna mtego. Mahindi na karanga zikiwekwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kuchemsha hakuitoi. Karanga zake anazichambua mkekani kabla ya kusaga, zilizosinyaa na zenye rangi ya ajabu zinatupwa, hata kama inauma kuzitupa. Na hanunui za kupita wiki mbili.

Mafuta bado yanamshinda. Dumu la lita 20 lingemshushia bei ya chapati, lakini ni fedha nyingi kwa mkupuo. Majirani wawili wako tayari kuchangia. Wamekubaliana bei, wamekubaliana kipimo, wanachobishania hadi leo ni dumu likae nyumbani kwa nani.