Nyundo za Kamukunji, Januari hadi Desemba

Januari, Kamukunji haisikilizani. Wazazi wanataka masanduku ya bati ya watoto wa bweni, na mafundi wa chama cha jua kali, yaani mafundi wadogo wanaofanya kazi juani, hapo Nairobi wanakata, wanakunja, wanapiga ribiti. Ukingo wa bati hukunjwa juu ya waya na kugongwagongwa mpaka makali yafichike, mtoto asijikate.

Shule zikifunguliwa, ni zamu ya karai, toroli na majiko. Lile jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea Kenya miaka ya 1980, asili yake Thailand; mikono ya jua kali ndiyo iliyolifanya la nyumbani.

Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi hao, akaamuru wajengewe mabanda. Kivuli walipata.

Kisha kuna maonyesho yaliyoanza kwa jina la Jua Kali na Nguvu Kazi, yanayozunguka Afrika Mashariki tangu 1999. Yanapendeza, ila pongezi kubwa ni za kazi ya chama isiyopigwa picha: kusuluhisha ugomvi wa nafasi, kuwasemea mafundi serikalini, na kumpokea kijana asiye na cheti, ambaye baadaye huenda akafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani.