Sifa za Wapima Mtikisiko wa Bei

Mkulima wa alizeti wa Ulemo, wilayani Iramba, anajua kuwa bei ikishaanza kuyumba haitulii kesho yake. Februari 2022 vita vilizuka Ukraine, nchi iliyoongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti, na mafuta ya kula yakapanda bei hadi madukani kwetu. Mwaka uliofuata bei ya alizeti ikaporomoka, magunia yakiwa bado ndani.

Tabia hiyo mwanahisabati Benoit Mandelbrot aliieleza mwaka 1963 akichunguza bei za pamba: badiliko kubwa hufuatwa na kubwa, dogo na dogo. Mwanauchumi Robert Engle akaipa hesabu yake mwaka 1982, mwenzake Tim Bollerslev akaipanua mwaka 1986, na mwaka 2003 Engle akapata Nobeli.

Ninachoupendea ufundi huu wa kupima mtikisiko ni adabu yake. Hauagui kama bei itapanda au itashuka. Kazi hiyo umewaachia madalali. Ufundi wenyewe huuliza tu: itayumba kiasi gani? Benki ya J.P. Morgan ilipotangaza njia yake mwaka 1994, kanuni ilitosha kwenye kiganja. Chukua asilimia 94 ya kadirio la leo, ongeza asilimia 6 ya mraba wa badiliko la leo, umepata kadirio la kesho. Kwa kuwa badiliko huzidishwa kwa lenyewe, kupanda na kushuka huhesabiwa sawa. Baada ya siku kumi na moja hivi, uzito wa mshtuko hubaki nusu. Husahau, lakini polepole.

Ugumu huanza mali zikiwa nyingi. Mwanauchumi Harry Markowitz alionyesha mwaka 1952 kwamba hatari ya mali zikiwa pamoja hutegemea jinsi zinavyoyumba pamoja. Mwenye alizeti, mtama na mbuzi hudhani ameigawa hatari. Ukame ukija, shamba linakauka, kila mtu anapeleka mbuzi mnadani siku ileile, na bei ya mbuzi inaanguka wakati mahindi yanapanda. Fundi mzuri hupima siku hizo mbaya peke yake, maana wastani wa miaka mizuri humdanganya.

Benki na vyama vya akiba vinavyokopesha wakulima wa alizeti vipime mtikisiko huu kabla ya kupanga rejesho lote liangukie mwezi wa mavuno.