Kuijua Kazi Njema ya Puli

Mwenye gari anayeishi Chiwata, katika wilaya ya Masasi, mahali ambapo nchi ya chini huisha na ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde huanza kujiinua, hana budi siku moja kumwuliza fundi wake swali ambalo kila mwenye mzigo na mlima hulihitaji: nguvu zaidi itapatikana wapi? Miongoni mwa majibu anayoweza kupewa, lipo moja lenye ustadi wa kweli ndani yake na hadaa nyingi kando yake, nalo ni kubadili puli za injini ili vyombo vilivyofungwa mbele yake vizunguke polepole kuliko ilivyokusudiwa kiwandani. Nia yangu ni kumpa msomaji mizani ya kuipimia kazi hiyo, maana ni kazi iwezayo kufanywa vizuri na watu wachache na kuharibiwa na yeyote mwenye spana.

Injini haiyazungushi magurudumu peke yake. Ncha ya mbele ya krenkishafti, ule mhimili ambao pistoni huusukuma ukazunguka, hubeba puli, na puli hiyo kwa mkanda wa mpira huzungusha altaneta itiayo umeme katika betri, pampu ya maji, feni ya rejeta, pampu ya usukani, na kompresa ya kiyoyozi palipo na kiyoyozi. Kila kimoja hutoza ushuru wake kabla nguvu haijafika kwenye giaboksi. Basi fundi akiipunguza puli ya krenkishafti, au akizikuza puli za vyombo, vyombo hupunguza mwendo, ushuru hupungua, na kile kilichookolewa huenda magurudumuni. Injini yenyewe haikuzidishiwa hata chembe; na fundi adaiye kwamba ataizidishia injini nguvu kwa puli, ijapokuwa mikono yake ni mahiri, amekwisha kutoa dalili ya kwanza kwamba hajui anachokifanya.

Hesabu ya puli si ngeni kwa watu wa vijijini. Popote palipo mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa injini ya Lister ya zamani, au kwa mojawapo ya nakala zake zilizotoka India, injini hiyo nzito hutembea kwa mizunguko 650 tu kwa dakika, ilhali nyundo za kinu hutaka maelfu ya mizunguko ndipo mahindi yawe unga. Kwa hiyo puli kubwa hukaa upande wa injini na ndogo upande wa kinu, na tofauti ya vipenyo vyake ndiyo iletayo mwendo. Mwendesha mashine aliyewahi kubadili puli ya kinu akaona unga ukitoka chenga ameielewa kanuni nzima: kipenyo cha puli izungushayo kikigawanywa kwa kipenyo cha puli izungushwayo, jawabu ndilo idadi ya mara ambazo ya pili itazunguka ile ya kwanza ikizunguka mara moja. Fundi wa gari aliyeanzia kwenye mashine za kusaga aghalabu huwa na ufahamu zaidi katika jambo hili kuliko aliyejifunza kufungua na kufunga tu.

Tuchukue mfano wa puli ya krenkishafti yenye kipenyo cha milimita 150 na puli ya altaneta yenye milimita 60. Uwiano wake ni mbili na nusu. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, hali ambayo mafundi huiita sailensa, kwa mizunguko 700 kwa dakika, altaneta huzunguka mara 1,750. Fundi akiiteremsha puli ya krenkishafti hadi milimita 120, uwiano huwa mbili, na altaneta katika sailensa hubaki na mizunguko 1,400. Altaneta nyingi huanza kutoa umeme mahali fulani baina ya mizunguko 1,000 na 1,500, kwa hiyo gari hilo, likisimama usiku limewasha taa, laweza kuwa linakula akiba ya betri badala ya kuijaza, wala dereva asijue mpaka asubuhi injini inapokataa kuwaka.

Feni na pampu ya maji zina kanuni nyingine, nayo ndiyo kiini cha mambo yote. Upepo ambao feni huuvuta na maji ambayo pampu huyasukuma hupungua sawasawa na mwendo, lakini nguvu inayohitajika kuzizungusha hupungua kwa mwendo uliozidishwa kwa nafsi yake mara tatu. Punguza mwendo kwa sehemu moja katika tano, nawe umeokoa karibu nusu ya nguvu iliyokuwa ikiliwa. Jambo hilo ni la ajabu, na ndilo liwavutialo wengi. Ila upepo na maji navyo vimepungua kwa sehemu moja katika tano, na hapana hesabu iwezayo kuvirudisha. Thamani ya kazi yote imo katika kujua kama injini ile, katika nchi ile, ilikuwa na sehemu hiyo moja ya ziada ya kutoa sadaka.

Ndiyo sababu siikubali sifa ya puli isiyotaja mahali. Fani hii imekuzwa na wapenda mashindano ya magari, hususan yale ya Marekani ambayo gari hukimbia robo maili, takriban mita 400, kisha huzimwa likapoa. Kwa gari la namna hiyo pampu ya maji ni mzigo mtupu. Tofauti na hayo, Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza 1953 kwa jina la Coronation Safari na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyapima magari kwa vumbi, matope na masafa ya siku kadha, na gari lililotangulia kuchemsha halikutangulia kufika. Gari la Chiwata ni la jamaa hiyo ya pili, tena lina shida zaidi, kwa kuwa hupanda ukingo likiwa limebeba simenti, mabati na watu, katika gia ya kwanza au ya pili, injini ikizunguka kwa bidii ilhali gari lenyewe halina mwendo wa kujipatia upepo wa njia. Wakati huo rejeta haina msaada mwingine ila feni. Na msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wakati magari yana safari nyingi kuliko miezi mingine, ndio wakati wa joto kali. Ukingo huu umewatesa wachukuzi tangu zamani: Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilikusanyika Chiwata kabla ya kwenda Newala na kuvuka Ruvuma, na mizigo yake ilipanda juu ya vichwa vya wapagazi.

Hayo ni ya kupanda. Ya kushuka yana hatari iliyojificha zaidi, na mtambuzi wa kweli hutambulika kwa kuiuliza mapema. Katika injini nyingi za dizeli za Toyota na Isuzu, nyuma ya altaneta imefungwa pampu ndogo ifyonzayo hewa, nayo ndiyo huipa busta ya breki uwezo wake. Mwenye kuipunguza mwendo altaneta ameipunguza mwendo na pampu hiyo pia. Dereva ashukaye na magunia ya korosho, akikanyaga breki mara kwa mara ilhali injini haina kasi, atakuta pedali imekuwa ngumu mguuni pale pale anapoihitaji iwe laini. Ukimsikia fundi akizungumza habari ya puli za gari la dizeli muda mrefu, akasifu nguvu na mafuta yatakayosalimika, asitaje breki hata mara moja, mshukuru kwa adabu uondoke na gari lako.

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe iliyokwisha kufanywa, tuitazame kwa jicho kabla ya kuliuliza sikio. Zima injini, fungua boneti, utazame mfuo wa puli, yaani ule mfereji ambamo mkanda hukaa. Mkanda wa umbo la V hushika kwa mbavu zake mbili na wala haushiki kwa tumbo; mgongo wake uwe karibu sawa na midomo ya puli, na chini yake ibaki nafasi tupu. Ukiona sakafu ya mfuo inang'aa kama iliyopigwa msasa, jua kwamba mkanda umezama hadi chini, unateleza badala ya kushika, na kila kilichookolewa kwa hesabu kinapotea kwa moto wa msuguano. Mbavu za mfuo ziwe laini, zisizo na mistari ya kisu cha mashine ya kukerezea, kwa maana mistari ile ni tupa inayoula mpira. Na vumbi la njia zetu, lenye mchanga ndani yake, huimalizia kazi hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo puli ya aluminiamu isiyotiwa ngozi ngumu, ingawa ni nyepesi na hupendeza machoni, katika nchi ya vumbi huisha mfuo wake mapema kuliko ya chuma.

Kisha chukua uzi mwembamba, uuvute ukiwa umenyooka, uuweke ukipita juu ya nyuso za puli zote zinazoshirikiana mkanda mmoja. Uzi uguse kila uso pande zote mbili bila kuacha mwanga, ikiwa nyuso hizo ziliumbwa ziwe sawa. Ama puli moja ikiwa mbele au nyuma hata kwa milimita chache, mkanda utaingia upande, utakula ubavu mmoja, na beringi ya pampu itasukumwa mahali isipozoea. Fundi stadi hukupa uzi mwenyewe kabla hujauomba. Halafu awashe injini, nawe utazame ukingo wa puli kwa upande: ukingo mwema huonekana umetulia kana kwamba hauzunguki, na ukingo uliokerezwa kombo hupepesuka, na macho huliona jambo hilo haraka kuliko kipimo.

Lipo neno juu ya puli ya krenkishafti ambalo nalitilia mkazo kuliko yote. Katika injini nyingi puli hiyo si kipande kimoja cha chuma. Ina kitovu, ina pete ya nje, na baina yake pana mviringo wa mpira. Mpira huo haukutiwa kwa urembo. Kila pistoni ipigapo, krenkishafti hujisokota kidogo na kujirudisha, na mapigo hayo yakikutana na mtetemo wa asili wa chuma chenyewe, msokoto hukua hadi chuma kichoke na kukatika. Mwingereza Frederick Lanchester alikuwa miongoni mwa wahandisi walioutafutia dawa mtikisiko huo mwanzoni mwa karne ya 20, na pete ya mpira ni mrithi wa dawa hiyo. Krenkishafti ikiwa ndefu, hatari huzidi, nayo ni ndefu katika injini za silinda sita zilizo mstari mmoja, kama ile 1HZ ya dizeli ya lita 4.2 iliyomo katika Land Cruiser nyingi tuziitazo mkonga. Yule anayeitoa puli ya namna hiyo na kuweka mahali pake kipande kigumu cha aluminiamu, au anayeikereza pete ya nje hadi uzito wake usibaki, hatauona ubaya wa kazi yake leo wala mwezi ujao. Gari litakuwa jepesi kukanyagwa, na mwenyewe atafurahi, na chuma ndani kitakuwa kinahesabu siku zake. Hapa sina huruma: kazi hiyo, hata ikiwa imekerezwa kwa ustadi wa kutamanisha, ni kazi mbaya.

Kwa hiyo njia iliyo salama aghalabu ni kuiacha puli ya krenkishafti kama ilivyo na kukuza kidogo puli ya chombo kimoja ambacho kina ziada. Gari dogo la petroli ambalo feni yake ni ya umeme, wala haitegemei mkanda, laweza kustahimili altaneta iliyopunguzwa kwa sehemu moja katika kumi bila madhara, na dereva wake akafaidi wepesi kidogo. Dizeli yenye feni ya mkanda, ipandayo ukingo na mzigo, kwa maoni yangu haina cha kutoa. Na nimhesabuye bingwa ni yule fundi amwambiaye mteja maneno hayo, kisha akamwonyesha puli zilizochakaa, mikanda iliyolegea na rejeta iliyoziba, ambazo zikitengenezwa zitamrudishia nguvu aliyodhani hakuwahi kuwa nayo.

Majaribio ya mwisho hufanywa kwa kipimo cha volti na kwa mlima. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma volti 12.6 au karibu yake. Injini ikiwa katika sailensa, taa kubwa na waipa zikiwashwa, kipimo kisiteremke chini ya 13, na injini ikikanyagwa kifike baina ya 13.8 na 14.4. Bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya urefu wake mkubwa: uteremke kadiri ya milimita 10 hadi 15, usiwe kamba ya ngoma wala usiwe legelege, kwa sababu puli ikipungua, eneo linalokumbatiwa na mkanda hupungua nalo, na fundi mvivu huficha mtelezo kwa kukaza kupita kiasi, gharama ikalipwa na beringi. Baada ya hapo gari lipandishwe ukingo adhuhuri, likiwa na mzigo wake wa kawaida, mshale wa joto ukitazamwa mpaka juu. Jaribio la jioni kwenye njia tambarare halithibitishi kitu.

Puli iliyopungua kipenyo kwa milimita 30 huhitaji mkanda uliopungua urefu kwa takriban milimita 47, yaani nusu ya mzingo uliotoweka, na mkanda mpya hulegea kidogo siku za kwanza, kwa hiyo gari lirudi gerejini ukazwe tena. Na kabla fundi hajapokea ujira wake, mkanda wa akiba wa kipimo hicho kipya uwe umekwisha kutiwa chini ya kiti, namba yake ikiandikwa kwa rangi ndani ya boneti, kwa kuwa muuza vipuri wa Masasi au Newala akiulizwa mkanda wa gari hilo atatoa ule wa kiwandani, nao hautakaa.