Jina gani njo liliandikwa?

Bandugu wa chama, leo nataka kuchambua kitabu ambacho hakiuzwe fasi yoyote: buku la ubatizo la parokia moja ya hapa kwetu Kamina. Nililisoma siku mbili, juu ya shamba. Ndugu mmoja wa famili anasema nkambo yetu alikuwa mugeni mu kijiji, kwa hiyo sisi hatuna haki ya kulima pale. Mimi ni agronome, najua kupima udongo; ukoo siwezi kuupima.

Nkambo nilimukuta. Lakini jina lake la pili, lile linafuata la mutakatifu, nyumbani hakuna mutu aliyelijua. Na kwa fasi ya wazazi, neno moja tu ya kilatini: wapagani. Baba ya nkambo, ule hasa nilikuwa natafuta, hayuko.

Njo nikarudilia La philosophie bantoue, kitabu ambacho Placide Tempels, Mufransisko Mubelji aliyefika Congo 1933, alitoa Élisabethville mu 1945. Wengi wetu tulikitaja mu mitihani bila kukifungua. Anaeleza kama Muluba ana jina la ndani, ambalo halipotee. Ana jina la kupewa wakati nguvu yake inaongezeka, sawa vile akitahiriwa ao akipata uchifu. Na ana jina la kizungu, la kujichagulia, ambalo anaweza kulitupa. Kwangu zile kurasa zinapita zote zingine. Lakini Paulin Hountondji alikuwa na haki: kitabu kinaongea na wazungu juu yetu. Tempels alijua majina ni matatu, hata hivyo hajiulize mapadri wenzake wanaandika gani. Mutu anasimama mbele ya Muzungu mwenye kalamu: atatoa lipi?

Hesabu ya watu haisaidie sana. Serikali ya ukoloni ilikuwa inatafuta wanaume wenye nguvu ya kazi na wa kulipa kodi. Bamama na bazee walikuja nyuma. Hesabu ya mwisho ya inchi nzima ni ya 1984, sikukuwa nimezaliwa. Tena mu 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristu, basi mutu mmoja yuko na jina moja mu buku la parokia na lingine mu karatasi za komini. Usipojua ile, utamuhesabu mara mbili ao utamupoteza.

Kitu kimoja nakisifu mu lile buku: fasi ya baba wa ubatizo. Mutu mmoja alisimamia nkambo na vijana wengine wanne, na wote wanne ni wa famili za kile kijiji. Mugeni, wangemupanga nao? Si ushahidi kamili, lakini ni kitu.

Nilimusomea shangazi lile jina la pili. Akacheka mpaka akakohoa. Ni jina walimuitaka ku kambi ya reli, mbele hajaoa. La ndani analijua yeye, na la baba yake, na la nkambo yake, mpaka watu saba. Nilitoa telefone nirekodi, akakataza: kwanza nilete sukari na nikae chini vizuri. Narudi kwake siku ya posho, na kwa chifu tunaitwa juma inayofuata.